Taa ya Usiku kwa Wazee

Hapa kwetu, katika nchi iliyo karibu na mstari wa Ikweta, usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Jua likisha kutua, giza huingia upesi, wala hatuna jioni ndefu kama zile za nchi za Ulaya wakati wa kiangazi chao. Basi kila mtu akaaye Zegereni, awe mtoto au mzee, hupitisha karibu nusu ya maisha yake gizani. Mtoto hulala usiku kucha asiamke. Mzee sivyo alivyo. Mzee huamka mara moja, mara mbili, pengine mara tatu, maana usingizi wake ni mwepesi, na kibofu chake hakistahimili tena mkojo hata asubuhi kama zamani. Huamka, hupapasa mkongojo wake, hutafuta mlango, hutoka uani kwenda chooni, kisha hurudi kitandani. Safari hiyo ni ya hatua thelathini au arobaini tu, na katika somo hili twataka kuitazama hatua kwa hatua.

Huenda mtu akasema, kuna shida gani katika hatua arobaini? Shida yake ni kuanguka. Mtoto akianguka hujipangusa vumbi akaendelea kucheza. Mzee akianguka mambo ni mengine. Mifupa ya binadamu hupungua nguvu kadiri miaka inavyozidi, hasa mifupa ya wanawake waliokoma hedhi, na mahali panapovunjika kwa urahisi ni pale juu ya paja, penye shingo ya mfupa karibu na nyonga. Aliyevunjika hapo hawezi kusimama. Akilala siku nyingi chali, mgongo huota vidonda, mapafu huingiwa na ugonjwa, na damu huweza kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba waliopita umri wa miaka sitini ndio wanaokufa zaidi kwa ajali hizo. Mzee wa Zegereni aliyevunjika paja hupelekwa Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au pengine hufikishwa Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Madaktari wanajua kuunga mfupa huo. Lakini hata mfupa ukiungwa, wazee wengi hawarudi tena kutembea kama walivyotembea kwanza, na bibi aliyekuwa akilima mihogo yake mwenyewe huwa mtu wa kuletewa maji kitandani.

Sasa na tulitazame jicho, maana hapo ndipo watoto wengi hukosea. Mtoto huamka usiku, huona mlango vizuri kwa nuru ndogo ipenyayo chini ya bati, naye hudhani bibi yake aona vilevile. Haoni vilevile.

Katikati ya jicho pana tundu jeusi liitwalo mboni. Nuru huingia kwa tundu hilo. Penye jua kali mboni hujifinya ikawa ndogo kama punje ya mtama. Penye giza hupanuka ili nuru nyingi iingie. Mtazame mwenzako machoni akiwa amesimama mlangoni juani, kisha mwingize chumba chenye giza umtazame tena karibu na mlango. Utaona kwa macho yako mwenyewe mboni zimepanuka. Mboni ya mzee haipanuki hivyo. Misuli yake imelegea, nayo hubaki ndogo hata usiku. Nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu kama kipande cha kioo laini, ambacho kwa kijana ni safi kama maji ya kisima, lakini kwa mzee hugeuka rangi ya manjano kidogo kidogo, na kwa wengine huingia ukungu ukawa ugonjwa tuuitao mtoto wa jicho. Kwa hiyo nuru ifikayo nyuma ya jicho, penye ukuta uitwao retina, hupungua sana. Wataalamu wa macho wamepima wakaona ya kuwa jicho la mtu wa miaka sitini hupata yapata theluthi moja tu ya nuru apatayo kijana wa miaka ishirini, ijapokuwa wote wawili wamekaa mbele ya taa ileile. Maana yake, taa ikutoshayo wewe haimtoshi bibi yako.

Liko jambo la pili. Jicho huhitaji muda kulizoea giza. Ndani ya retina mna dawa ya asili isaidiayo kuona gizani, ambayo mwili huitengeneza kwa vitamini A, ile ipatikanayo katika maembe, mapapai, mchicha, maini na mayai. Nuru kali huiunguza dawa hiyo mara moja, na mwili huchukua muda kuitengeneza upya. Kwa kijana huchukua kama nusu saa jicho lizoee giza kabisa, na kwa mzee huzidi. Jaribuni jambo hili. Mtoto mmoja na afunike jicho lake moja kwa kiganja, asilikaze, akae juani kwa dakika kumi bila kulitazama jua. Kisha aingie jikoni kwenye giza, alifumbue jicho lililofunikwa na kulifumba lile jingine. Ataviona vyungu. Kisha abadilishe: afumbe lile, afumbue lililokuwa juani. Vyungu vitatoweka! Hivyo ndivyo alivyo mzee aliyemulikwa tochi usoni na mjukuu mwenye haraka. Mjukuu amedhani amesaidia, kumbe amempofusha kwa muda, na sasa mzee yupo katikati ya ua, hana ukuta wa kushika. Tochi humulikwa chini, mbele ya miguu, kamwe si usoni.

Zamani watu wa pwani waliwasha utambi wa pamba katika kibakuli cha mafuta ya nazi au ya ufuta. Baadaye yalikuja mafuta ya taa, na pamoja nayo kibatari, kile kikopo cha bati chenye utambi mmoja, na taa ya chemni yenye kioo. Umeme ulifika Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wadachi, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Lakini vijiji vilingoja sana, na Wakala wa Nishati Vijijini, wenye kazi ya kueneza umeme mashambani, ulianza kazi mwaka 2007. Siku hizi Zegereni pametengwa eneo la viwanda. Hata hivyo nyaya kupita karibu na kijiji si sawa na taa kuwaka njiani mwa bibi. Ziko nyumba zenye balbu sebuleni, nayo njia ya kwenda chooni ni giza tupu.

Kibatari nakilaumu zaidi ya taa zote. Nuru yake ni haba. Balbu moja ya kawaida huishinda kwa makumi ya mara. Moshi wake huingia kifuani. Mwali wake huchezacheza kwa upepo, na vivuli navyo huchezacheza, hata mzee asijue kama kile cheusi mbele yake ni shimo au ni kivuli cha ndoo. Tena mkono wa mzee hutetemeka; kibatari kikianguka karibu na chandarua au juu ya kanga, nyumba huweza kuungua na watu wakiwamo. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, kwa sababu wafanyabiashara wengine walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Bei ikapanda, na watu wengi wakageukia tochi za betri na taa za jua. Kwa ajili ya wazee nadhani badiliko hilo lilikuwa na heri ndani yake.

Lakini tochi nayo ina kasoro ambayo watu hawaifikiri. Mzee ana mikono miwili. Mmoja umeshika mkongojo. Ukimpa tochi, wa pili umeshika tochi. Je, mlango ataufungua kwa mkono gani? Ukuta ataushika kwa mkono gani akipepesuka? Ndiyo maana nasema taa iliyo bora kwa mzee ni ile isiyoshikwa: iliyotundikwa ukutani, au iliyofungwa kwa kamba shingoni ikaning'inia kifuani na kumulika chini. Ziko na tochi za kuvaa kichwani, ila wazee wengine hawazipendi, na hazifai kulazimishwa. Kasoro nyingine ya tochi ni kwamba nuru yake ni duara dogo. Mzee huiona sahani, haioni meza. Mguu wake huwa nje ya duara, na ni mguu unaojikwaa.

Basi taa iwekwe wapi? Kwanza, iwepo mahali mzee aweza kuifikia akiwa bado amekaa kitandani. Taa nyingi za umeme huwashwa kwa swichi iliyo karibu na mlango, na huo ni upumbavu kwa upande wa mzee, maana yampasa kuivuka giza lote ndipo aipate nuru. Ikiwa haiwezekani kuihamisha swichi, taa ndogo ya jua iwekwe karibu na mto, mahali pamoja kila siku, ili mkono uijue bila macho. Pili, taa za njiani ziwe chini, kwa kimo cha goti, si juu darini. Taa ya juu humulika kichwa, na mwili wa mzee hutupa kivuli palepale anapokanyaga. Taa ya chini huonyesha mkunjo wa mkeka, jiwe lililotokeza, maji yaliyomwagika. Tatu, jicho lisiione balbu yenyewe. Kipande cha bati au cha kifuu cha nazi kikizuia upande wa juu, nuru itashuka chini peke yake.

Rangi nayo ina maana. Taa nyeupe sana, zenye nuru ya kuelekea samawati, huuambia mwili kwamba kumekucha, na usingizi hukimbia. Kwa taa ya usiku chagueni nuru ya manjano, kama ya taa ya chemni. Yatosha kuonyesha njia, wala haiharibu sana uwezo wa jicho kuona gizani.

Tena nuru ya mbali si nuru. Ukiiweka taa hatua mbili kutoka mahali, kisha ukaisogeza hadi hatua nne, nuru ipatayo mahali pale haiwi nusu, huwa robo. Ukiisogeza hatua sita, huwa sehemu moja ya tisa. Kwa sababu hiyo taa ndogo tatu, moja kitandani, moja mlangoni, moja chooni, zafaa kuliko taa moja kubwa iliyo katikati ya ua.

Hata hivyo si kila kitu ni taa. Mkebe mdogo wa chokaa hufanya kazi kubwa. Nyumba zetu nyingi zina kizingiti kilichoinuka mlangoni, na kidato cha kushukia uani. Kidato cha udongo juu ya ardhi ya udongo hakionekani na jicho la mzee, maana rangi ni moja. Pakeni chokaa ukingo wa kidato na juu ya kizingiti, kadiri ya upana wa kiganja. Pangeni mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili za njia ya chooni, nayo yataonekana hata kwa nuru ya nyota. Mvua za masika huifua chokaa. Pakeni tena mvua zikipungua.

Njia ikisha kuwa na nuru, iwe pia tupu. Nimepata kuona uani vitu vilivyoachwa jioni: ndoo, jembe, kinu, kigoda, na mbuzi, sisemi mnyama, ingawa naye hupenda kulala njiani, nasema kile kibao cha kukunia nazi, chenye meno ya chuma, kifupi kama kimetegwa makusudi kwa ajili ya miguu ya bibi. Majani marefu kando ya njia yafyekwe, maana kifutu hupenda kujilaza hapo usiku wala hakimbii mtu akija.

Sasa, jinsi ya kumwendea mzee mwenyewe. Wako wazee wasiopenda kuambiwa habari ya kuanguka. Mjukuu husema, "Shikamoo, bibi." Bibi huitika, "Marahaba, mjukuu wangu." "Bibi, nataka kukuwekea taa mlangoni, usije ukajikwaa usiku." Naye bibi hujibu, "Nyumba hii naijua kabla mama yako hajazaliwa. Miguu yangu ina macho." Msibishane naye. Asema kweli: miguu yake yaijua nyumba. Kitu isichokijua ni ndoo uliyoiacha wewe jioni hii. Basi mwombe ruhusa kwa njia nyingine. Mwulize, "Bibi, ni mahali gani usiku pakusumbuapo?" Mzee akiulizwa hivyo husema, maana ameulizwa kama mjuzi. Pengine atasema si giza limsumbualo bali mlango uzitao, au taa ya jirani impigayo machoni. Hapo taa yako utaiweka mahali pake.

Na akiamka asisimame mara moja. Mtu aliyelala akiinuka ghafula, damu hushuka miguuni, kichwa huzunguka. Kwa mzee, hasa anayetumia dawa za shinikizo la damu, hali hiyo huzidi. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, awashe taa, ahesabu pole pole hata thelathini, huku macho yakiizoea nuru na damu ikirudi kichwani. Ndipo ainuke.

Taa za jua zahitaji mtumishi, na mtumishi huyo ni ninyi. Kibao cha jua kiwekwe asubuhi mahali pasipo kivuli cha mwembe wala mkorosho, kikiinamishwa kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini ya Ikweta. Kipanguswe vumbi kwa kitambaa chenye maji. Jioni taa irudishwe ndani kabla ya giza. Siku za masika mawingu ni mengi, betri haijai; siku hizo taa isitumiwe kwa michezo ya jioni, ikatoweka nuru saa nane za usiku bibi anapoihitaji.

Msidhani kazi hii ni ya wataalamu wa mjini tu. Kule Kinyasini, kaskazini ya Unguja, kiko chuo kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa mfano wa chuo cha Barefoot cha Tilonia, nchini India. Chuoni humo wanawake wa vijijini, wengi wao watu wazima wenye wajukuu, na wengine wasiojua kusoma, wamefundishwa kuunganisha na kutengeneza taa za jua. Wamechaguliwa wao kwa sababu ya akili nzuri: kijana akisha kufundwa huondoka kwenda mjini kutafuta kazi, bali mama mtu mzima hukaa kijijini pake, na taa ikiharibika fundi yupo. Hivyo bibi aliyekuwa akipapasa gizani sasa ndiye afungaye nyaya juu ya nyumba za jirani zake.

Kisiwa hichohicho cha Unguja kilipata kutufundisha jambo jingine. Tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, muda wa miezi mitatu, kisiwa chote kilikosa umeme uletwao kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Mji Mkongwe una nyumba za ghorofa zenye ngazi nyembamba zilizosimama. Fikirini mzee wa ghorofa ya pili, aliyezoea balbu miaka yote, ashukapo ngazi zile usiku wa kwanza. Kwa hiyo hata nyumba yenye umeme iwe na taa ya pili isiyotegemea waya, na mahali pake pajulikane na watu wote wa nyumbani.

KAZI. Jioni moja, kwa ruhusa ya wazazi, shika karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia mbele ya macho yako, mwenzako akushike mkono, uende pole pole kutoka kitanda cha bibi au babu mpaka chooni kwa nuru iliyopo kila siku. Hesabu hatua. Mwenzako aandike kila mahali uliposita. Kesho yake chora njia hiyo katika daftari, utie alama ya kizingiti, kidato, mlango na kila taa, kisha ueleze:

Ni hatua ngapi zisizo na nuru kabisa?

Kwa nini taa ya darini hutupa kivuli pabaya, na ya chini haifanyi hivyo?

Taa ikiwa hatua tatu kutoka mlangoni nawe ukaisogeza hadi hatua sita, mlango utapata sehemu gani ya nuru ya kwanza?

Ni kitu gani kilichokuwa njiani jioni ile, na nani alikiacha hapo?